Karatasi haikuandikwa kwa ajili yake: unamtafutaje mtu wa kawaida kwenye nyaraka za zamani

Ukitaka kujua maisha ya mfalme shida yako ni kuchagua tu, maana yameandikwa mpaka yamepitiliza. Sasa mtu wa kawaida je, yule aliyekuwa anafua nguo za watu au anachonga viatu vya mbao miaka 150 iliyopita, akazeeka, akafa, akazikwa, hakuna picha, hakuna barua, kaburi lenyewe halijulikani lilipo, huyo unaanzia wapi? Kuna wanaosema haiwezekani kabisa, na kuna wanaodhani ni kitu cha dakika tano, unaandika jina kwenye kompyuta maisha yake yote yanamwagika hapo. Wote wamekosea. Inawezekana, tena mara nyingi kuliko unavyofikiri, ila kuna jambo moja lazima likukae kichwani kabla hujafungua faili lolote, na mimi lilinichukua muda mrefu kulielewa: karatasi yenye jina la mtu huyo haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa kwa ajili ya mwingine aliyekuwa anataka kitu kutoka kwake.

Ukilishika hilo utafutaji wote unabadilika. Huulizi tena jina lake liko wapi, unauliza ni nani alikuwa anamhitaji na alimhitaji kwa lipi. Kanisa lilitaka kujua nani kabatizwa na nani kamuoa nani, ndo maana Uingereza mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri mkubwa wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1563 ukawaagiza mapadri wa Kikatoliki waweke vitabu vya ndoa na ubatizo. Baadaye serikali nazo zikataka kuwajua watu wao bila kupitia kanisani, Ufaransa ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali mwaka 1792, England na Wales wakafuata Julai 1837. Jeshi lilitaka vijana wenye umri na urefu fulani. Mtoza kodi wa England alihesabu mpaka madirisha ya nyumba, kodi hiyo ya madirisha ilidumu kuanzia 1696 mpaka 1851. Polisi, hospitali, mwenye ardhi, kampuni ya meli, kila mmoja alikuwa na daftari lake na kila daftari lina maswali yake, na swali ambalo halikuulizwa halina jibu hata ukikaa hapo mwaka mzima. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka 70 akaonekana kwenye maandishi mara nane au tisa tu, zile mara ambazo mkono wa wakubwa ulimgusa. Katikati ni kimya.

Kuna mwanahistoria Mfaransa, Alain Corbin, ambaye aliamua kulijaribu hili kwa njia ngumu kuliko zote. Alikwenda kwenye nyaraka za mkoa wa Orne akadokoa kijiji kwa kubahatisha, kisha akadokoa jina kwa kubahatisha, akamwangukia Louis-François Pinagot, mchonga viatu vya mbao aliyezaliwa 1798 akafa 1876, aliyeishi pembezoni mwa msitu wa Bellême na hakujua kusoma wala kuandika. Mtu ambaye hakuna yeyote aliyekuwa na sababu ya kumkumbuka. Kazi hiyo ilichapishwa 1998, na kinachonigusa mimi ni kwamba Corbin hakujifanya anajua Pinagot aliwaza nini usiku. Alichofanya ni kukusanya vyote vilivyomzunguka, msitu, bei ya kazi ya mikono, ndugu, majirani, umaskini, askari wa Prussia (dola ya Kijerumani ya wakati huo) waliopita eneo hilo, halafu akamweka mtu wake katikati, kama vile unavyoweza kulijua umbo la kitu kwa kuangalia nafasi iliyobaki kilipokuwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Unaanza mwishoni, sio mwanzoni. Hii watu wanaikataa kwa sababu hadithi tumezoea zianze na kuzaliwa, lakini ukianza na kuzaliwa utakutana na watoto kumi wenye jina moja na hujui wako ni yupi. Ukianza na kifo, au na tukio lolote la mwisho ambalo una uhakika nalo kabisa, unapata umri, unapata mahali, pengine unapata jina la mtoto wake au mjane wake, na kwa vitu hivyo unarudi nyuma hatua moja, sensa iliyotangulia, kisha ndoa, kisha sensa nyingine, kila hatua unaifunga na iliyo mbele yake kwa ushahidi, usiruke. Mtu akikuambia kafika mwaka 1600 kwa wiki moja, muulize kila kiungo kimefungwa na nini.

Na cheti cha kifo chenyewe usikimeze kizima. Angalia nani alitoa taarifa. Mara nyingi ni mtoto, au jirani, au mtu wa hospitali, na mtu huyo alikuwepo wakati wa kifo lakini hakuwepo wakati marehemu anazaliwa, sasa tarehe ya kuzaliwa aliyoisema aliijuaje? Karatasi moja inaweza kuwa shahidi mzuri sana wa jambo moja na shahidi mbovu wa jambo lingine palepale, mstari kwa mstari. Tarehe ya kifo amini, jina la mama wa marehemu litilie shaka mpaka ulione penginepo.

Umri ndo usiseme. Sensa ya Uingereza ya 1841 makarani waliagizwa kwamba mtu yeyote aliyezidi miaka 15 umri wake ushushwe mpaka kwenye tano iliyo chini yake, yaani mwenye 29 anaandikwa 25, mwenye 34 anaandikwa 30, na si wote waliofuata agizo hilo. Kwa hiyo unakuta mtu kapata 25 mwaka 1841 halafu sensa ya 1851 ana 39, unadhani ni watu wawili kumbe ni yuleyule. Hata pale ambapo hakukuwa na agizo, watu wengi hawakujua mwaka waliozaliwa na hawakuona haja ya kuujua, wakiulizwa wanasema 40, wanasema 50, ndo maana ukichora umri wa watu kwenye sensa za zamani unaona milima kwenye namba zinazoishia na sifuri na tano. Tarehe nazo zina mitego yake. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria wa England ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1735 ya kitabuni inakuja baada ya Desemba 1735, kwa hesabu yetu ni Februari 1736. Asiyejua hilo anaweza kuona mtoto kazikwa miezi kadhaa kabla ya kubatizwa akadhani padri alikuwa mlevi.

Majina hapo ndo pana machozi. Mtu asiyejua kusoma hana namna ya kumsahihisha karani, anasema jina lake, karani anaandika alichosikia, na karani mwingine miaka kumi baadaye anasikia vingine. Jina moja linaweza kuwa na sura sita kwenye karatasi sita na zote ni za mtu mmoja. Marekani walilazimika mpaka kutengeneza mfumo wa kupanga majina kwa mlio badala ya herufi, unaitwa Soundex, hataza yake ya kwanza ni ya 1918, na miaka ya 1930 ulitumika kutengeneza indeksi za sensa, yaani orodha za majina zinazokuonyesha ukurasa wa kufungua, kwa sababu wazee waliotaka pensheni walihitaji kuthibitisha umri na hawakuwa na vyeti. Kwa hiyo ukitafuta, litamke jina kwa sauti, litamke kwa lafudhi ya mtu wa kule alikotoka, halafu fikiria karani wa lugha nyingine angeliandikaje.

Hapo hapo niseme kuhusu lile linalorudiwa kila siku, kwamba familia fulani ilibadilishiwa jina pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, na afisa aliyeshindwa kulitamka. Kituo hicho kilifunguliwa 1892 na kikapitisha zaidi ya watu milioni 12 mpaka kinafungwa 1954, lakini maafisa wale hawakuwa wanaandika majina upya, walikuwa na orodha ya abiria mkononi iliyoandikwa na kampuni ya meli bandari ya kuondokea, wanaikagua. Majina mengi yalibadilika baadaye, na wenyewe ndo waliobadilisha, ili wapate kazi, ili watoto wasichekwe shuleni. Hii si habari ndogo kwa anayetafuta, maana kama unaamini jina lilibadilishwa pale kituoni utatafuta jina jipya kwenye nyaraka za miaka ambayo bado alikuwa anatumia la zamani na hutamwona.

Kosa kubwa kuliko yote lakini ni kumfuata mtu asiye wako. Mimi lilinipata na bado linaniuma. Nilikuwa nimempata mtu wangu kwenye kitabu cha ubatizo, jina sawa, baba sawa, mama sawa, kijiji sawa, nikaridhika, nikafanya kazi karibu miezi miwili juu yake, nikahesabu umri wake wakati wa ndoa, nikajiuliza kwa nini alichelewa kuoa, nikaandika kurasa nzima kuhusu ule ukapera wake. Halafu siku moja nikiwa natafuta kitu kingine kabisa nikafungua kitabu cha maziko cha parokia hiyohiyo, ukurasa una doa la maji upande wa kushoto, na katikati mstari mmoja, jina lake, "mtoto wa" fulani, umri hata mwaka haujatimia. Nikarudi kwenye ubatizo nikaendelea kusoma mbele, na miaka minne baadaye wazazi walewale wakabatiza mtoto mwingine wa kiume, wakampa jina lilelile la yule aliyekufa. Ilikuwa ni kawaida sana zamani, jina la babu halikuachwa lipotee. Mtu niliyekuwa namtafuta ni huyu wa pili, hakuchelewa kuoa hata kidogo, na kurasa zangu zote zilikuwa zinamhusu mtoto aliyekuwa kaburini.

Tangu hapo sifuati mtu yeyote kabla sijajaribu kumuua kwanza, yaani kila nikipata kuzaliwa naenda kwenye maziko ya miaka inayofuata kuhakikisha hayumo. Na kila nikipata anayefanana naye naandika sababu za kwa nini anaweza kuwa SIYE. Inachosha lakini ndo kazi yenyewe.

Njia inayosaidia kutofautisha watu wenye jina moja ni kuacha kumwangalia yeye, uwaangalie waliomzunguka. Watu wa kawaida hawakuhama peke yao, walihama na ndugu na majirani, walioana na watu wa jirani, walidhaminiana. Ukipata ndoa usinakili jina la bwana na bibi tu ukaondoka, nakili mashahidi. Ukipata ubatizo nakili wadhamini. Ukipata sensa soma nyumba tano juu na nyumba tano chini. Ukikuta shahidi yuleyule aliyesimama kwenye ndoa mwaka 1820 yupo nyumba ya tatu kwenye sensa ya 1841, basi una sababu ya kuamini huyo ni mtu wako, kuliko ambavyo jina peke yake lingekupa. England baada ya sheria ya ndoa iliyoanza kutumika 1754, bwana, bibi na mashahidi walitakiwa kutia saini kitabuni, na asiyejua kuandika aliweka alama, kwa kawaida msalaba. Ile alama itazame kwa makini. Kuna misalaba iliyochorwa kwa mkono mzito mpaka wino umejaa, kuna ya mtu anayetetemeka, kuna mwanamke aliyejaribu herufi ya kwanza ya jina lake ikamshinda akaiacha. Katika maisha yote ya mtu yule huenda ndo mahali pekee ambapo mkono wake mwenyewe uligusa karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: maskini kabisa mara nyingi anaonekana vizuri kuliko yule aliyejimudu kidogo. Aliyelipa kodi yake kimyakimya, hakushtakiwa, hakuomba msaada, huyo anapita kama hewa. Lakini aliyeishiwa akaenda kuomba, England ya zamani, parokia ilitaka kujua kwanza kama ni mzigo wao au wa parokia nyingine, chini ya sheria ya 1662 na zilizofuata, basi wanamkalisha mbele ya mahakimu na kumhoji, kwa kiapo. Ulizaliwa wapi, ulijifunza kazi kwa nani, uliajiriwa wapi kwa mwaka mzima, mshahara ulikuwa kiasi gani, umeoa lini, una watoto wangapi na wanaitwa nani. Karatasi moja tu, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, na ndani yake kuna maisha ya mtu tangu utotoni mpaka siku ile aliposhindwa. Parokia haikuyauliza kwa kumpenda, ilikuwa inatafuta namna ya kumfukuza. Lakini kwa sababu walikuwa wanatafuta sana, sisi tumempata. Vivyo hivyo mahakamani, kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai pale London, kuanzia 1674 mpaka 1913 zipo mtandaoni, zaidi ya kesi 197,000, na uzuri wake sio kwa mshtakiwa tu, ni kwa mashahidi, muuza maziwa anayeeleza alikuwa anafanya nini saa kumi na moja alfajiri, mpangaji anayeeleza chumba kilikuwa na vitu gani. Watu ambao hawana kosa lolote wamenaswa wakiwa wanaishi siku yao.

Wapo ambao madaftari yaliwaficha kwa makusudi au kwa dharau, na hapa inabidi uwe na subira na pia uwe na hasira kidogo. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 zilikuwa na karatasi maalumu za watumwa, na kwenye karatasi hizo jina linaloandikwa ni la mmiliki, chini yake ni mistari tu: mwanamke, 30, mweusi; mwanamume, 8, mweusi. Jina hakuna. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza baada ya utumwa kuandika majina yao wote, kwa hiyo wazao wao wanafika pale wanagonga ukuta. Wanaoupita wanapita kwa kurudi kwenye lile swali la mwanzo, nani alimhitaji? Mmiliki alimhitaji kama mali, basi unatafuta wosia wa mmiliki, mirathi, rehani, kesi za madeni, ambako watumwa wanatajwa kwa jina kwa sababu wanagawanywa. Na baada ya uhuru kuna benki iliyoanzishwa kwa ajili yao, Freedman's Savings Bank, 1865 mpaka 1874, ambapo fomu za kufungulia akaunti ziliuliza majina ya wazazi, ndugu, watoto, nyingine hata jina la bwana wa zamani. Kuna pia matangazo ya magazeti, watu walioachwa huru wakilipia mistari michache kumtafuta mama aliyeuzwa miaka ishirini nyuma. Hayo ni maneno yao wenyewe, nadhani hakuna nyaraka nzito kuliko hizo.

Afrika Mashariki tunaijua hii kwa namna yetu. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps ambao jina Kariakoo limetokana nao, walibeba vita nzima mabegani na wakafa kwa maelfu kwa maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa uchovu. Sanamu iliyopo Nairobi imeandikwa mpaka kwa Kiswahili kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Majina hayamo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa mtu anayemtafuta babu wa babu yake humo, karatasi za kijeshi zinaweza zisimpe kitu, itabidi apite kwenye daftari la misheni, la kodi, kwenye maneno ya wazee.

Wanawake nao wana kimya chao. Kwenye sensa nyingi safu ya kazi ya mke iko tupu, hata kama alikuwa anafua, anashona, anakamua na kuuza. Akiolewa jina linabadilika na mnyororo unakatika. Lakini usidhani ni hivyo kila mahali, kwenye madaftari ya makadhi wa dola ya Uthmaniyya wanawake wanaingia wenyewe kwa majina yao na majina ya baba zao, wanauza nyumba, wanadai mahari, wanamshtaki mume, kwa sababu sheria iliwatambua kama wenye mali. Na kule Maine, Marekani, kuna mkunga Martha Ballard aliyeandika shajara tangu 1785 mpaka 1812, hali ya hewa, nani kajifungua, nani kalipa na nani hajalipa, wazazi 816 aliowazalisha. Waliotangulia kuisoma waliona ni mambo madogomadogo ya kila siku hayana maana. Sasa ni hazina, maana humo wapo watu wa mji mzima ambao hawakuandikwa na mwingine yeyote.

Kuna wakati karatasi ilikuwepo na haipo tena, na ni vizuri ujue mapema usije ukapoteza miaka. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote imepotea kwa sababu ya moto wa Januari 1921 Washington. Sensa ya 1931 ya England na Wales iliungua 1942. Jengo la nyaraka la Dublin liliteketea Juni 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, likaenda na sensa za karne ya 19 zilizokuwemo na wosia na vitabu vya parokia nyingi. St. Louis, Marekani, mwaka 1973 yaliungua mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18. Ukikuta ukuta wa namna hii swali linakuwa, nani mwingine alikuwa na nakala? Parokia za England zilikuwa zinapeleka nakala kwa askofu kila mwaka, na mara nyingi kitabu kimeoza lakini nakala ya askofu ipo. Ufaransa waliandika vitabu viwili viwili, mpango mzuri kabisa, ila Paris nakala zote mbili zilikuwa mjini humohumo na mwaka 1871 majengo yote mawili yaliungua katika wiki moja.

Kuhusu mtandao niseme kwa kifupi. Umesaidia mno, FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, peke yake ilimaliza mwaka 2021 kuskani mikanda milioni 2.4 ya mikrofilamu na kuitazama ni bure. Lakini indeksi sio nyaraka. Indeksi imetengenezwa na mtu wa kujitolea au programu inayosoma mwandiko, na wote wawili wanakosea, kwa hiyo ukipata jina fungua picha yenyewe usome kwa macho yako, usome ukurasa wote, na ukikosa jina usiseme hayupo, pitia kurasa moja moja kama walivyofanya wa zamani. Na bado rundo kubwa la karatasi za dunia halijaskaniwa, lipo kwenye maboksi, na anayejua boksi lipi ni mtunza nyaraka. Mwandikie. Mwambie unamtafuta nani, lini, wapi, na tayari umeangalia nini. Wale watu wanajua vitu ambavyo havimo kwenye katalogi yoyote.

Mwisho unabaki na vipande vyako tisa na kimya katikati, na hapo kishawishi ni kikubwa, unataka kumfanya awe shujaa, au mwenye huzuni, au mwenye mapenzi makubwa. Mimi nagawa mambo matatu na nayaandika tofauti: karatasi inasema nini, mimi nimekisia nini kutokana na karatasi, na nini sijui. Neno "labda" si la aibu. Kama watoto wake watatu walikufa mwezi mmoja na kitabu cha maziko kinaonyesha watoto kumi na wanane wa kijiji hicho mwezi huohuo, unaweza kusema palikuwa na ugonjwa uliokuwa unaambukiza, hiyo ni halali. Kusema alilia usiku kucha huwezi. Msomaji anajua mwenyewe.

Nilisema mwanzoni karatasi haikuandikwa kwa ajili yake. Kuna mahali nimekuta ni tofauti kidogo. London kulikuwa na Foundling Hospital, iliyoanzishwa 1739 kupokea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwalea, watoto wa kwanza wakaingia 1741. Mtoto akipokelewa anapewa namba na jina jipya, la zamani linafutika, kwa hiyo kwa utafutaji wa kawaida kwa majina umekwama hapohapo. Lakini kwenye karatasi ya kila mtoto waliandika nguo alizokuja nazo, na mara nyingi wakabana kwa pini kipande cha kitambaa, cha gauni la mama au cha mkono wa shati la mtoto, ili mama akirudi siku moja atambulike kwa kitambaa chake. Vipo maelfu ya vipande hivyo mpaka leo, maua ya bluu, mistari, utepe mwekundu, rangi bado ni kali kwa sababu vilikaa gizani ndani ya vitabu. Mama hana jina pale, hana sura, kuna kitambaa tu cha nguo aliyokuwa amevaa.

Kati ya 1741 na 1760 waliingia watoto 16,282, na waliorudi kuchukuliwa ni 152. Februari 1767 aliletwa mvulana mmoja na kipande kilichoungwa kwa viraka vidogovidogo vya vitambaa tofauti, juu yake kimetariziwa moyo kwa uzi mwekundu, halafu kimekatwa na mkasi katikati, nusu ikabanwa kwenye karatasi ya mtoto na nusu akaondoka nayo mama. Miaka minane kitabu hakisemi chochote kuhusu mama huyo. Juni 1775 kuna mstari unaosema mtoto amechukuliwa na mama yake.